Herufi moja kwenye karatasi ya shule iliyonigharimu miezi tisa

Vijana wengi wananiuliza habari za kwenda Marekani kusoma ufundi, na nikisikia majibu wanayopewa naona mengi yanatoka kwa watu waliokwenda kusoma digrii. Mimi nilienda kusoma kuchomelea mabomba, digrii sina, na viza yangu haikua ile ambayo kila mtu anaiongelea. Nilinyimwa mara ya kwanza Novemba 2022, nikapata Agosti 2023, na hapo katikati ndo nilijua nimekosea wapi, tena nilikosea kabla hata sijafika dirishani kwa ofisa wa viza ubalozini.

Iko hivi. Ukikubaliwa na shule kule wanakutumia karatasi inaitwa I-20, na juu upande wa kulia pameandikwa aina ya viza unayoenda kuombea. Kuna F-1, hiyo ni ya masomo ya darasani, chuo kikuu, kolegi, hata shule ya lugha. Halafu kuna M-1, hii ni ya ufundi, kuchomelea, urembo, upishi, ufundi wa ndege, hata urubani. Mimi yangu ilikua M-1, imeandikwa kubwa tu, na niliiona lakini sikujiuliza hata sekunde moja kwamba hiyo M inabadilisha nini. Ajenti wangu (simtaji, na ofisi yenyewe nasikia walishahama) alikua ananiambia viza ya mwanafunzi ni viza ya mwanafunzi, we jiamini tu. Akanipa na maneno ya kusema, kwamba ntakua nafanya kazi masaa 20 kwa wiki palepale shuleni ili nijilipie chakula, kwamba maofisa wanapenda mtu anayejitegemea.

Hayo masaa 20 ni kweli yapo. Ila ni ya F-1. Mwenye M-1 haruhusiwi kufanya kazi yoyote wakati anasoma, iwe ndani ya shule au nje, hata lisaa limoja.

Sasa piga picha, nimevaa shati jipya, nimebeba faili limejaa mpaka linataka kupasuka, nimefika dirishani kuna dada nyuma ya kioo, kachukua pasi na I-20 akaanza kutaipu. Unaenda kusoma nini, nikamwambia kuchomelea mabomba, miezi nane, Texas. Nani analipa, nikamwambia mjomba wangu, na mimi mwenyewe ntakua nafanya kazi kidogo pale shuleni. Akaacha kutaipu. Akaiangalia I-20, akaniangalia mimi, akaniuliza tena taratibu, kazi gani hiyo utafanya? Leo najua alikua ananipa nafasi ya kujirudi, ila mimi siku ile nikaona amevutiwa, nikamwambia kwa kujiamini kabisa, kwenye maktaba au kantini. Shule ya kuchomelea vyuma, maktaba ya nini jamani? Haina maktaba, nilikuja kuiona kwa macho yangu, ina kabati moja la vitabu na mashine ya soda.

Nikapewa karatasi imeandikwa 214(b). Hiki ni kifungu cha sheria yao ya uhamiaji ambacho kinamchukulia kila muombaji kua anataka kuhamia kule moja kwa moja, mpaka yeye mwenyewe amshawishi ofisa kwamba atarudi. Hakuna rufaa. Unaweza kuomba tena muda wowote ila unajaza fomu ya maombi ya viza, DS-160, upya na kulipa ada ya maombi upya, na ile ya mwanzo hairudi, yangu ilikua dola 160. Mpaka narudi kuomba mara ya pili ilikua imeshapanda, kuanzia Juni 2023 ikawa 185. Kuna na ile ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, hiyo unalipa kabla ya intavyuu. Hapo niliokoka kidogo maana ukinyimwa na ukaomba tena viza ya aina ileile ndani ya miezi 12 huilipi mara ya pili, na shule yangu ilinisogezea tu tarehe ya kuanza kwenye I-20 kwa namba ileile ya SEVIS. Ajenti alitaka nimpe 350 nyingine "ya kufungua faili jipya". Hapo ndo tuliachana. Hiyo ada inalipwa kwenye fmjfee.com, unalipa mwenyewe na risiti unaprinti mwenyewe, haina haja ya kumpitia mtu.

Nililala kama wiki nzima sitaki kuongea na mtu. Halafu nikafanya kitu ambacho nilitakiwa kukifanya siku ya kwanza, nikamwandikia ofisa wa shule anayeshughulika na wanafunzi wa kigeni, kule wanamwita DSO, mimi mwenyewe kwa kingereza changu hiki hiki, nikamweleza kila kitu mpaka habari ya kantini. Mama wa watu akanijibu siku ya pili yake, barua ndefu, na sentensi moja naikumbuka mpaka leo, kwamba M-1 ni njoo, jifunze, rudi, na ofisa atapima kila unachosema kwa hayo matatu. Nilikua nimewasiliana na ajenti miezi mitano sijawahi kuambiwa hilo.

Ukishaelewa hivyo mambo mengine yote yanakaa sawa. Kwanza hela. Mwanafunzi wa F-1 anaonesha hela ya mwaka wa kwanza na jinsi atakavyopata ya miaka inayofuata. Wa M-1 unatakiwa uwe na hela ya kozi nzima, ada na kuishi, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na iwe inapatikana, isiwe ya kutegemea utafanya kazi ukifika. Inaeleweka, kwa sababu kazi hairuhusiwi sasa utaitoa wapi? I-20 yangu ilisoma jumla dola 29,400. Kwa hiyo siku ile niliposema ntafanya kazi kidogo nilikua nimemwambia ofisa kwa mdomo wangu mwenyewe mambo mawili, kwamba hela yangu haitoshi na kwamba nina mpango wa kuvunja masharti. Ningekua mimi ndo nimekaa kile kiti ningejinyima pia.

Na stetimenti ya benki nayo ilikua na kichekesho chake. Ajenti alishauri hela za kukopa ziingie kwenye akaunti ya mjomba zikae wiki tatu, tukiprinti tunazirudisha. Yani akaunti ya mtu inatembea kidogo kidogo mwaka mzima halafu siku moja inalipuka. Sijui kama yule dada aliiona, mimi hakuniomba stetimenti siku ile, lakini hata angeiomba ningesema nini? Mara ya pili nikaenda kwa mjomba kuongea ukweli. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia mjomba hii hela inatakiwa iwepo kweli, na iwepo yote. Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Mjomba, hela ya kukuonesha ninayo, ya kukupa ndo sina." Tukacheka lakini haikua utani. Ikabidi tukae mimi, yeye na dada yangu mkubwa, mjomba akauza lori moja kati ya mawili aliyokua nayo, dada akatoa akiba yake, mimi nikauza mashine yangu kubwa ya kuchomelea nikabaki na ndogo, na hela ikaingia benki na karatasi zake, hati ya mauzo ya lori iko pale na tarehe inalingana na tarehe ya hela kuingia. Hapo hata ukiulizwa usiku wa manane unajibu.

Jambo la pili ni hilo la kurudi. Watu wanashauriwa waseme naipenda nchi yangu, nina familia, sijui nini. Kila mtu anasema hivyo. Nilichofanya mimi nilijiuliza swali moja tu, kwanini mtu mwenye miaka sita kwenye fani anaenda kulipa hela yote hiyo akajifunze kuchomelea, si anajua tayari? Na jibu lake nilikua nalo siku zote ila sikuwahi kulisema. Mimi nilikua fundi wa mageti, madirisha na matrela. Geti unaliweka unavyotaka wewe, likikusumbua unaligeuza. Bomba la mafuta au gesi huligeuzi, limekaa pale lilipo, wewe ndo unazunguka. Kuna mtihani wanauita 6G, bomba linafungwa likiwa limelala nyuzi 45 na haliruhusiwi kusogezwa, unachomelea juu, ubavuni, chini ya tumbo, mwendo mmoja. Kampuni za mabomba na matangi zinataka uoneshe umepita huo mtihani, na mimi kila kazi kubwa ikitokea nilikua nabaki kubeba rodi za kuchomelea za mwenzangu aliyepita. Basi nikaenda na hiyo.

Agosti 2023, dirisha jingine, safari hii mzee mmoja mpole. Kwanini usisome hapahapa? Nikamwelezea habari ya bomba la nyuzi 45 na mikono nikawa naizungusha kwenye kioo. Nani analipa? Mjomba na dada, hela yote ya miezi nane ipo, mjomba kauza lori. Ukimaliza? Narudi, nina karakana na mwenzangu ananisubiri, namtaja na kazi tunazofanya. Utafanya kazi kule? Hapana, M-1 hairuhusu. Akatabasamu kidogo hapo. Faili langu lote, picha za karakana, mkataba wa pango, barua, hakugusa hata karatasi moja zaidi ya I-20 na pasi. Dakika tatu hazikufika. Mtu unaandaa faili miezi sita halafu kinachoangaliwa ni kinachotoka mdomoni, ila nadhani bila kuliandaa lile faili mdomo wangu usingekua na cha kusema.

Kufika huko nako kuna mambo yake. Huruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya kozi kuanza, mimi niliingia siku 12 kabla. Ukishapita uwanjani ingia mtandaoni uangalie rekodi yako ya I-94, ile inayoonesha umeingia lini na unaruhusiwa kukaa mpaka lini, kwa sababu mwenzio wa F-1 kwake hakuna tarehe, anakaa kwa muda wote wa masomo yake, wewe wa M-1 una tarehe kabisa, mwisho wa kozi na siku 30 za kufungasha, na hata kozi ikiwa ndefu kiasi gani hupewi zaidi ya mwaka kwa mara moja. Nilikua nakaa chumba kimoja na jamaa anasomea ufundi wa ndege, kozi yake inazidi mwaka na nusu, yeye ilibidi aombe kuongezewa muda kwa fomu ya I-539 mapema kabla tarehe haijafika, na hiyo tarehe alikua ameiandika kwa kalamu nyekundu ukutani juu ya kitanda. Kwa mahudhurio, kozi ya karakana kama yangu lazima isipungue masaa 22 kwa wiki, ya darasani zaidi ni 18, na mambo ya kusoma kwa mtandao hayahesabiwi. Kuumwa kunaeleweka ukiwa na cheti cha daktari. Uvivu haueleweki.

Kilichoniuma mimi ni kutokubadilisha. Mwezi wa tatu nikaona darasa la ukaguzi wa maungio, wale jamaa wanaopiga picha za eksirei kwenye bomba, nikaona hii ndo kazi ya uzeeni. Nikamfuata DSO, akatikisa kichwa, M-1 haibadilishi fani. Shule unaweza kuhama ndani ya miezi sita ya kwanza, fani hapana. Na wale wanaosema we ingia tu ukifika utabadilisha iwe F-1, hilo nalo limefungwa, ukiwa ndani kwa M-1 hubadilishi kwenda F-1. Hata viza ya kazi ya aina ya H, ukitaka kuipata kwa ufundi uleule uliosomea kwa M-1, imezuiwa. Ndo maana nasema soma ile herufi kabla hujalipa chochote. Kuna kolegi za kawaida zinafundisha kuchomelea ndani ya programu ya miaka miwili na zinatoa I-20 ya F-1. Ni ndefu zaidi, lakini kama wewe ndoto yako ni kuendelea kusoma, hiyo ndo yako, waulize shule swali moja tu kwa barua: mnatoa F au M kwa kozi hii?

Majaribu sasa. Jumamosi moja mwanaume mmoja alikuja karibu na tunapokaa anatafuta vijana wa kuchomelea uzio wa ranchi, dola 25 kwa saa, kashi, hakuna karatasi. Akaunti yangu wiki hiyo ilikua na dola 61 mpaka dada atume. Nilisimama pale mlangoni na kofia yangu ya kuchomelea nimeishika, yani mkono ulishaichukua kabla sijaamua. Nikairudisha ndani. Mshkaji mmoja wa darasani, naye M-1, akaenda, akaenda wiki tatu, akapiga na picha akazirusha kwa marafiki, habari ikafika shuleni na rekodi yake ya SEVIS ikafungwa, na hapo huna hata zile siku 30. Alikua ni bora kuliko mimi kwenye mkono, hilo ndo linaniuma nikimkumbuka.

Kazi halali ipo lakini inakuja mwishoni, baada ya kumaliza, na ni kidogo. Kila miezi minne uliyosoma unapata mwezi mmoja wa mazoezi kazini, na haiwezi kuzidi miezi sita. Miezi yangu nane ikazaa miwili. Unaomba kwa fomu ya I-765, ruhusa ya kuomba inafunguka siku 90 kabla ya kumaliza, na mimi niliomba wiki ileile ilipofunguka kwa sababu kadi ya ruhusa ya kazi isipofika huanzi hata kama bosi anakusubiri getini. Yangu ilifika siku nne baada ya kumaliza. Wenzangu wawili walijivuta, mmoja kadi ilimkuta ameshachoka kusubiri ameondoka.

Kuhusu ufundi wenyewe, ningeweza kuandika usiku kucha. Mstari wa kwanza wa ndani unaupiga na rodi ya 6010, na siri yote ni katundu kadogo kanakofunguka mbele ya moto, ukikapoteza umeziba juu juu ndani hakujaungana, ukikaacha kakawa kakubwa unadondosha chuma ndani ya bomba. Unasikiliza zaidi ya unavyoangalia, sauti ikibadilika kama mafuta yaliyoacha kukaanga ujue umeshaharibu. Halafu unasaga na grenda, unajaza na rodi nyingine, ya 7018. Mwezi wa kwanza wote nilikua naharibu, mimi fundi wa miaka sita, mkono umezoea mageti. Mtihani wenyewe wanakata vipande vinne kutoka kwenye bomba uliloliunga, wanavikunja kwenye mashine mpaka viwe kama herufi U, ufa ukionekana mkubwa kuliko milimita tatu umeanguka. Cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Cha tatu kilitoa kadoa mwalimu akakipima mara mbili na mimi nikageukia ukutani. Kikapita. Cha nne sikukiangalia kabisa.

Nikafanya ile miezi miwili kwenye karakana moja ya mabomba, kadi ikaisha, nikafungasha. Agosti 2024 nikawa sebuleni kwa mjomba, shikamoo, marahaba, chai ikaletwa, nikamtolea cheti akakiweka pembeni bila kukisoma. Nikatoa na kile kipande cha tatu, mwalimu alinipa nije nacho. Mzee akakichukua, akakigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba pale kilipokunjwa, akatafuta maungio yalipo hakuyaona.

"Kwahiyo mjomba," akasema, "lori langu ndo hili?"